Hatua Arobaini na Tisa za Baba

Shieywe, Kakamega
11 Februari 2024

Kaka Wanyama,

Pokea salamu zetu kabla sijakukasirikia, maana nikishaanza sitakumbuka kusalimu. Mama yuko Lugari na nguvu zake anazo. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, na Mama amempa jina la mke wako, Maurine. Usiniulize kama ni heshima au ni nini. Watoto wangu wamerudi shule, nami bado nafundisha hesabu kidato cha tatu. Mvua ya alasiri haijaanza, kwa hivyo vumbi la Shieywe tunalinywa na chai.

Sasa tuje kwa lile la simu. Uliniambia nimeifuta programu ya Baba kwenye kikokotoo chako kwa wivu, kisha ukakata. Nikapiga, ukakata tena. Basi nimeamua kukuandikia, kwa sababu karatasi huwezi kuikatia katikati ya sentensi. Nawe ukitaka kunijibu, andika. Simu yako sitaishika mpaka nipoe, na sijui nitapoa lini.

Siku ile ya kunyoa baada ya mazishi, tulipokaa uani na vichwa vyetu vipya, Baba Mdogo Mukhwana akigawa vitu vya marehemu, vikokotoo vilikuwa viwili. Kikubwa cheusi cha ofisini, sanduku lake limeandikwa hatua mia moja, yaani programu yake ina nafasi ya amri mia. Na kile kidogo cha kijivu alichokinunua mwenyewe mwaka wa 1980, kimeandikwa hatua arobaini na tisa. Baba Mdogo akasoma masanduku yote mawili kwa sauti, akasema mia ni ya kifungua mimba, arobaini na tisa ni ya msichana. Ukachukua. Hukuuliza Baba alikuwa akitumia kipi.

Hicho chako kikizimwa kinasahau kila kitu. Ndivyo kilivyoundwa. Wapimaji ardhi waliokuwa ofisi moja na Baba walikuwa wakiingiza programu upya kila asubuhi, kitufe kwa kitufe, kabla ya kwenda mashambani. Changu ndicho kinachokumbuka hata kikizimwa, na programu ya Baba imo humo. Jumapili iliyopita niliingiza mipaka ya shamba letu la Lugari, urefu na mwelekeo wa kila upande. Unajua mambo yake: ukilizunguka shamba kwa hesabu ukarudi kona uliyoanzia, hesabu haikurudishi pale pale, inakuacha pembeni kidogo, na mpimaji lazima ajue ni pembeni kiasi gani. Kikafikiri, kikanipa sentimita kumi na mbili. Ni zile zile Baba alizokuwa akitutajia mezani tangu tukiwa wadogo.

Unajua pia kwa nini jambo hili limenikaa kooni. Mzee Kiprono, mpimaji mwenzake, alisimama mbele ya jeneza na kipaza sauti, akasema, "Lusweti alikuwa rafiki yangu, lakini hii programu yake ya arobaini na tisa alituambianga tu. Mimi nilikuwa na mashini ya mia, na haikuingia. Mungu atamuuliza huko." Watu wakacheka. Wakacheka, Wanyama, na Baba amelala pale! Miaka yote hiyo walimwita Arobaini na Tisa, jina la mwongo, kwa vile hakumpa mtu yeyote kikokotoo chake mkononi.

Tarehe 24 Agosti wapimaji wastaafu wanakutana hapa mjini na Kiprono atakuwepo. Nitakipeleka. Nitakiweka mezani mbele yake.

Msalimie Maurine, yule wa miguu miwili.

Navalayo


Nyeri, 3 Machi 2024

Navalayo,

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Sisi ni wazima. Ukungu hapa hautoki mpaka saa nne, na mtoto mdogo ana kikohozi ila anakula vizuri. Maurine anasema asante kwa ndama, akue haraka.

Nafundisha kompyuta chuoni mwaka wa kumi na nane huu, kwa hivyo usinifundishe kumbukumbu ni nini. Mia ni zaidi ya arobaini na tisa. Kazi ile nimejaribu kuiandika mwenyewe kwenye hiki cheusi na haikuingia. Sasa kitu kilichoshindwa kuingia kwenye gunia kitaingiaje kwenye mkoba? Ulichokiona Jumapili labda ni kipande tu, na Baba alikuwa akimalizia kichwani. Au aliiingiza kwa mafungu mawili na kutangaza moja.

Nitakwambia jambo ambalo wewe hulipendi. Baba alikuwa mtu wa maneno. Nikiwa kidato cha pili nilimngoja langoni siku ya wazazi mpaka jua likazama, nimevaa sweta niliyoifua mwenyewe. Akaniandikia kwamba gari lilikwama. Halikukwama. Dereva wake aliniambia nikiwa mtu mzima: siku hiyo walikuwa wakipima shamba la tajiri mmoja aliyekuwa na haraka, na gari lilikuwa zima kabisa. Mtu anayeweza kumwandikia mwanawe hivyo anaweza kuwaambia wapimaji wenzake chochote. Kwa hivyo Kiprono aliposema, mimi sikucheka, lakini sikukasirika pia.

Mimi ndiye mkubwa. Nitumie hicho kidogo nikiangalie. Kama kuna kitu ndani, nitakujulisha.

Kaka yako,
Wanyama


Shieywe, Kakamega
24 Machi 2024

Kaka Wanyama,

Mama anakusalimu. Wamepanda ekari mbili za mahindi na mvua imewakubalia. Kikohozi cha mtoto mpe tangawizi.

Hukucheka. Asante sana. Tukuchinjie jogoo?

Ukienda soko la Lumakanda, mtu mmoja akakwambia ana mia na mwingine akakwambia ana arobaini na tisa, utanunua kwa nani? Mtu mwenye akili atauliza kwanza: mia za nini? Huyu anahesabu gorogoro za kilo mbili, yule anahesabu debe. Wewe na Baba Mdogo mmehesabu mikebe bila kutazama ukubwa wake, tena wewe una digrii.

Cheusi kinahesabu kila kidole. Ukitaka kujumlisha namba kwenye ghala la tatu, yaani mahali pa tatu pa kuhifadhi namba, unabonyeza vitufe vitatu, nacho kinaandika hatua tatu. Cha Baba kinavibana vitatu vile vikawa hatua moja. Haya, hilo la kwanza. La pili ni kwamba mia yako ni mia ukiwa huna ghala hata moja la kuwekea namba, kwa sababu kwenye cheusi hatua na maghala vinakula sahani moja. Kila ghala unalolitaka linameza hatua nane. Hesabu ya kufunga shamba inataka maghala sita. Toa mwenyewe, mwalimu wa kompyuta. Unabaki na hatua hamsini na mbili, tena za kidole kimoja kimoja! Kwenye cha Baba maghala yako kando, hayagusi hatua hata moja. Ndiyo maana programu haikuingia kwako, na ndiyo maana haikuingia kwa Kiprono. Sanduku lako linasema kweli, lakini nusu.

Ningekunakilia hatua zake ukae kimya, ila tarakimu za upande wa kushoto wa kioo zimekufa, na huko ndiko hatua zinakoandikwa. Naona majibu tu.

Kuhusu lango la shule, alidanganya, na simtetei. Ulikuwa mtoto na ulikuwa na haki ya kukasirika, na bado unayo. Lakini ugomvi huo ni wako na yeye. Usimwekee Kiprono kiti ndani yake.

Kikokotoo hakiji Nyeri.

Navalayo


Nyeri, 14 Aprili 2024

Dada Navalayo,

Tumeshinda salama. Kikohozi kimeisha, tangawizi imefanya kazi na mtoto sasa anaichukia. Nimefurahi kusikia mvua imekuja Lugari.

Nimetoa. Ni hamsini na mbili. Hilo la maghala sikuwa nimelifikiria, nakubali.

Lakini jiulize Agosti utafanya nini. Utabonyeza, jibu litatokea, na Kiprono atakwambia jibu si ushahidi, kwamba Lusweti aliingiza kwa mafungu mawili. Bila kuziona hatua zenyewe, ya kwanza mpaka ya arobaini na tisa, hutamfunga mdomo. Unahitaji kioo kizima. Hapa kuna fundi anaitwa Ochieng, anatengeneza redio za zamani na mashine za hospitali, na ana vioo vya aina hiyo kutoka kwa vikokotoo vilivyokufa. Nimezungumza naye. Anasema ni kazi ya asubuhi moja.

Nimempigia Mama pia, na Baba Mdogo. Wote wawili wanaona si vibaya mkubwa akishika kitu cha baba yake mwezi mmoja.

Sitagusa chochote. Nitakaa na Ochieng mpaka amalize, kisha nikurudishie. Nimekupa neno langu.

Wanyama


Shieywe, Kakamega
5 Mei 2024

Kaka Wanyama,

Sisi hatujambo. Mvua ya mawe imepiga mboga zangu zote, na mabati ya jirani yamehamia kwangu.

Ulijua unachofanya ulipompigia Mama. Alinipigia akilia. "Navalayo, mnagawanya baba yenu kama kuku? Mpatie kaka yako aangalie, si atarudisha. Mimi nimechoka kuzikanga watu na kusikia kelele." Ningefanya nini baada ya hapo? Umeshinda, na umeshinda kwa machozi ya Mama. Hilo nitaliweka mahali pake.

Kikokotoo kimo ndani ya kifurushi hiki, nimekifunga kwa fulana ya Baba. Sasa soma polepole. Pembeni kuna swichi ya kusukuma. Ikiwa kulia, kinafanya kazi. Ikiwa kushoto, kinaandika, na kitufe chochote utakachobonyeza kinakaa juu ya kile alichokiandika Baba. Hakiulizi wala hakionyi. Ndiyo maana hakumpa mtu mkononi, hata mimi, mpaka mkono wake mwenyewe ulipokufa ganzi kwa ugonjwa. Juu ya swichi nimebandika plasta ya buluu, ile ya kidonda. Plasta hiyo isibanduliwe. Kioo kikipona nitaisukuma mwenyewe, hapa Kakamega, kalamu ikiwa tayari. Na Ochieng asitoe betri bila nyingine kuwa mkononi. Baba alikuwa akibadilisha betri haraka kuliko mtu anayegeuza chapati.

Nimekuamini kwa shingo upande. Usinifanye nijute.

Navalayo


Nyeri, 16 Juni 2024

Dada yangu mpendwa Navalayo,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta na afya, wewe pamoja na watoto, na Mama, na Baba Mdogo, na majirani wote. Sisi huku tunaendelea vizuri. Baridi ya Juni imeingia, tunavaa makoti mpaka mezani. Maurine amenunua kuku sita na mmoja ameanza kutaga. Mtoto mkubwa amekuwa wa nne darasani. Wanafunzi wangu wako kwenye mitihani. Chuo kimepakwa rangi mpya, ya kijani, si mbaya sana. Niliota niko Lugari tunavuna, na mahindi yalikuwa mengi.

Kioo kimepona. Ochieng ni fundi kweli, tarakimu zote zinawaka. Nakirudisha pamoja na fulana. Plasta ilikuwa imelegea njiani, nimebandika nyingine.

Nimekuwa nikifikiria habari ya Agosti. Labda usiende. Wale ni wazee, wengine hawasikii vizuri, na maneno yao hayamfikii Baba tena. Amelala, tumwache alale. Nguvu zetu tuzielekeze kwa Mama.

Ubarikiwe sana.

Kaka yako akupendaye,
Wanyama


Shieywe, Kakamega
30 Juni 2024

Wanyama,

Sikusalimu.

Kurasa mbili za kuku na rangi ya chuo! Nilipofika kwa plasta nilikuwa nimeshajua. Wewe hujaniita dada mpendwa tangu nizaliwe.

Niliingiza mipaka ya Lugari na kubonyeza cha kuanzisha. Nilikuwa nangoja kumi na mbili. Kikanipa arobaini na saba. Nikasema labda nimekosea, nikabonyeza tena, kikanipa tisini na nne. Nikabonyeza mara ya tatu, kikasema mia moja arobaini na moja. Mimi ni mwalimu wa hesabu, Wanyama. Sikuhitaji kuambiwa nini kinatokea: kila mara kilikuwa kinaongeza arobaini na saba tu. Nikabandua plasta yako nyeupe, nikasukuma swichi, nikasoma kwa kioo chako kizuri kilichopona. Amri ile ile, jumlisha moja kwenye ghala la tatu, jumlisha moja, jumlisha moja, mpaka chini. Tarakimu zote zinawaka, na Baba hayumo.

Amekaa humo miaka arobaini na minne. Amepona betri ngapi, joto, mvua, wizi wa mwaka ule wa vurugu, mpaka kifo chake mwenyewe alipona humo. Kwako hakumaliza mwezi. Na hukuniambia! Ulikifunga kwa fulana yake, ukabandika plasta, ukaniambia tumwache alale!

Nimepiga ukuta mpaka jirani akaja kuuliza. Sina la kumwambia Mama. Niambie ulifanya nini na kwa nini, na usinitajie kuku hata mmoja.

Navalayo


Nyeri, 21 Julai 2024

Navalayo,

Wiki tatu nimekuwa nikianza barua hii na kuichana.

Ochieng alinikabidhi kikokotoo, kioo kikiwa kizima. Nikarudi nacho nyumbani, nikabandua plasta, nikasukuma swichi. Hatua ya kwanza ya Baba niliiona. Ningeweza kuchukua kalamu. Sikuichukua, na sababu si nzuri. Nilikuwa na hamu ya kumkamata. Nilisema kwanza nione kama kweli vitufe vitatu vinabanwa kuwa hatua moja, maana kama si kweli, hakuna haja ya kunakili chochote, yote ni maneno yake. Nikaanza kubonyeza vitatu vitatu nikingoja kikatae.

Mashine ninazozifundisha huuliza kwanza kama una hakika. Ukiandika juu ya kitu cha zamani zinakuonya, na mara nyingi cha zamani kinakuwa bado kipo kando. Nimezoea kuulizwa. Ulikuwa umeniandikia kwamba hiki hakiulizi, nikasoma, nikadhani unatia chumvi.

Hakikukataa. Kitufe kimoja cha namba moja, vitatu vitatu mara arobaini na saba, na viwili vya mwisho vya kuonyesha jumla: vitufe mia moja arobaini na vinne viliingia ndani ya hatua arobaini na tisa. Nilipofika mwisho nilisimama jikoni nikasema kwa sauti, "Mzee hakudanganya." Nilifurahi, Navalayo, kwa muda mfupi nilifurahi kabisa. Kisha nikarudi juu kutafuta hatua zake nizisome.

Nilitaka awe mwongo. Nimemkasirikia tangu lile lango, na sikutaka hasira ya umri wote huo iwe imekosea hata kidogo. Sasa nimethibitisha kwamba alisema kweli kwa kukifuta kile kile alichokuwa akikisema.

Nimejaribu kuiandika upya kwa kile unachokijua wewe na ninachokijua mimi. Kila jioni nikitoka chuoni. Nilianza na hatua sabini, nikashuka sitini, nimefika hamsini na tatu na hapo nimekwama. Sioni zile nne alizitoa wapi. Nimekuwekea karatasi yake ndani.

Wanyama


Shieywe, Kakamega
4 Agosti 2024

Wanyama,

Mama ni mzima. Mahindi ya Lugari yamefunga vizuri. Nimemwambia Mama. Akasema, "Huyu mtoto anakulanga nini huko Nyeri?"

Hamsini na tatu zako sizitaki. Hamsini na tatu haziingii, na hata ungefika arobaini na tisa zingekuwa zako, si zake. Nataka kitu kimoja tu kutoka kwako. Tarehe 24, saa nne asubuhi, ukumbi wa kanisa lililo nyuma ya soko. Njoo usimame mbele ya Kiprono na wengine wote useme ulichokiona na ulichokifanya. Kwa mdomo wako, si kwa barua.

Usipokuja, usije tena Krismasi.

Navalayo


Shieywe, Kakamega
1 Septemba 2024

Kaka Wanyama,

Natumai ulifika salama. Mama anauliza kwa nini uliondoka bila kula. Alikuja kutoka Lugari na kuku wawili kwa ajili yako, akasonga obusuma, ule ugali wetu, ukapoa. Tumekula mimi na watoto, na Mama akasema kwa kila paja, "Hii ilikuwa ya Wanyama."

Sikuwa na hakika utakuja. Nilipokuona mlangoni na koti la Baba ulilopewa siku ya kunyoa, nilikuwa nimeshaanza kusema. Nilichukua cheusi ulichokuja nacho nikakiweka mezani kando ya cha kijivu, nikawaeleza debe na gorogoro, na maghala yanayokula hatua nane nane. Wazee walielewa. Mmoja alijipiga paji la uso, akasema amebeba mashini ya mia miaka ishirini bila kujua ni ya hamsini. Nikaona Kiprono anatikisa kichwa polepole. Nikadhani tumemaliza.

Ndipo akasema, "Sawa, mwalimu. Gari inaweza kubeba. Lakini mzigo uko wapi?"

Ukasimama. Sitasahau ulivyosimama. Ulisema yote, hukujiachia pa kujificha: plasta, kitufe, jikoni, kwamba hatua ya kwanza uliiona kwa macho yako, kwamba ulitaka kumkamata baba yako. Nami nikajikuta nakasirika kidogo tu, ingawa nilikuja nimejiandaa kukasirika sana.

Kiprono akangoja umalize. Akasema, "Kijana, baba yako alituambianga ako nayo, hakutuonyesha. Sasa wewe umekuja kutuambia ulikuwa nayo, ukafuta. Hii familia inapendanga sana kitu haionekani." Halafu akakupa jina pale pale, Arobaini na Tisa Kijana, na ukumbi mzima ukacheka. Hata waliotikisa vichwa walicheka. Mzee yule wa paji la uso alicheka mpaka akatoa leso.

Nimekuwa na hasira nawe tangu mwaka huu uanze na bado ninayo, usidhani imeisha. Ulikivunja kitu ambacho hakirudi. Ila hamsini na tatu zako nimeziangalia. Pale unapohifadhi mwelekeo kisha unauita tena, huhitaji kuuita, bado uko kwenye kioo. Ni hamsini na mbili sasa. Sikufanya hivyo kwa ajili yako.

Nilikuwa nakutazama walipokuwa wakicheka. Umesema kweli tupu, na hakuna aliyekuamini, na huna cha kuwaonyesha. Ukachukua kofia yako ukatoka. Ule uso uliotoka nao mlangoni ninaujua, Wanyama, nawe unaujua. Ndio aliokuwa akirudi nao Baba kutoka kazini, na sisi tukimpokea mkoba, tukidhani ni uchovu wa jua la shambani.

Njoo ule.

Navalayo